Siku ya mechi ya kimataifa Kwa Mkapa: namna ya kuingia, kukaa na kurudi nyumbani salama

Kazi yangu siku za mechi ni mstari wa wanawake. Nasimama getini na reflekta, napapasa mifuko, nafungua pochi, nauliza "dada, hiki nini?", halafu nampisha aende kwenye mashine ya tiketi. Mechi ya ligi huwa na watu wake na watu hao wananijua. Yakija mashindano ya CAF, Shirikisho la Soka Afrika, mambo hubadilika. Vizuizi vinaanzia mbali, ukaguzi unakuwa wa mara mbili au tatu, na wanajitokeza watu ambao hawajawahi kukanyaga uwanjani: jezi mpya, mtoto mgongoni, hotpoti ya pilau mkononi. Hao ndio ninaowaandikia. Wazoefu wa Simba na Yanga mnaweza kuruka sehemu za mwanzo, ila ile ya msongamano msiiruke.

Uwanja wenyewe mnaujua kwa majina yake yote. Wazee wanasema Taifa, vijana wanasema Kwa Mkapa au Lupaso. Ulifunguliwa mwaka 2007 hapa Temeke, unachukua watu wapatao 60,000, na mwaka 2020 ukapewa jina la Rais mstaafu Benjamin Mkapa baada ya kufariki kwake. Agosti 2025 ulipokea CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Tarehe 2 tulifungua dimba na Burkina Faso, Taifa Stars ikashinda 2-0 kwa penalti ya Abdul Suleiman "Sopu" na bao la Mohamed Hussein "Tshabalala". Tarehe 22 Morocco wakatutoa robo fainali kwa bao moja. Mwaka 2027 ni zamu ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, sisi pamoja na Kenya na Uganda. Najua wengi mliotazama CHAN sebuleni safari hii mtataka kuwepo, na mnakaribishwa kwa mikono miwili.

Tiketi na kiti

Kwenye mechi za vilabu tumezoea N-Card: unakuwa na kadi, unalipia tiketi kwa simu, geti linasoma kadi. Mashindano ya CAF huweza kuja na utaratibu wake wa kuuza, kwa hiyo usiende kwa mazoea ya ligi. Subiri tangazo la TFF, shirikisho letu la soka, au la kamati ya maandalizi, lisome mpaka mwisho, ununue hapohapo walipopataja. Ukinunua, angalia mambo matatu kabla hujaweka simu mfukoni: tarehe, saa na geti.

Saa inawachanganya watu kila mashindano. Ratiba za CAF mara nyingi huandikwa kwa saa za GMT, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Ukiona 17:00 GMT, hiyo ni 20:00 kwetu, yaani saa 2 usiku. Nimewahi kumwona mama wa watu amefika na watoto wake saa mbili asubuhi, wote wameshavaa jezi, mageti yamefungwa na hata walinzi hawajamaliza chai.

Kuhusu walanguzi wanaozunguka nje ya uzio, nasema hivi kwa sababu mimi ndiye ninayebaki na mtu akilia: tiketi ya kielektroniki ni msimbo, na mashine inausoma mara moja tu. Mlanguzi anaweza kuwatumia watu kumi picha ileile kwa WhatsApp. Atakayefika kwanza ataingia, tisa watakataliwa, na mimi sina uwezo wa kumpitisha mtu ambaye mashine imemkataa, hata kama naona usoni kwamba anasema kweli. Usinunue picha ya tiketi kwa mtu usiyemjua.

Sasa kiti. Tiketi ya bei ya chini tunaiita mzunguko, halafu zinapanda hadi VIP C, VIP B na VIP A. Jambo la kujua ni kwamba uwanja wetu una njia za riadha kati ya jukwaa na nyasi. Si kama Chamazi, uwanja wa Azam, ambako unamsikia kipa akiwapigia kelele mabeki wake. Hapa, ukikaa chini kabisa nyuma ya goli, bao la goli la upande wa pili utalijua kwa shangwe za watu. Mwenye tiketi ya mzunguko apande juu. Ukiwa juu unaona timu nzima inavyosogea, unaona winga anavyokimbia kabla ya pasi, na ukiwa na mtoto anayejifunza mpira, huko ndiko atakakoelewa.

Kufika Temeke

Gari binafsi liache nyumbani. Kama huna budi, liegeshe mbali utembee, maana barabara za jirani hufungwa na anapokuja mgeni rasmi mtasimama kupisha msafara hadi injini zichemke.

Ukitokea Ubungo, Tabata au Buguruni, panda daladala za Barabara ya Mandela zinazofika uwanjani. Zinapita TAZARA, zinapita Veterinari, unashuka Uwanja wa Taifa. Ukitokea Gongo la Mboto au Uwanja wa Ndege, shuka TAZARA penye Daraja la Mfugale. Siku ya mechi kubwa, kutembea kutoka hapo ni haraka kuliko kungoja gari la kuunganisha. Wa Mbagala na wa Kariakoo mnaopita Barabara ya Kilwa, shukeni Uhasibu, karibu na Sabasaba, mkate kwa miguu. Wa Kigamboni mkivuka Daraja la Nyerere mnaangukia Kurasini, nanyi mmeshafika jirani.

Mandela ndiyo barabara ya malori ya bandarini. Makontena hayasimami kwa sababu Stars inacheza. Vukeni penye askari au penye kivuko, mshikeni mtoto upande wa ndani, na msikatize katikati ya malori yaliyosimama kwenye foleni, kwa sababu dereva aliye juu hamuoni mtu aliye chini ya pua ya gari lake.

Wageni kutoka Kenya na Uganda wanaokuja kwa basi watashukia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Kutoka huko hadi Temeke ni kulikata jiji zima. Fikeni siku moja kabla. Wa Morogoro na Dodoma mna treni ya SGR, lakini mechi ya saa 2 usiku inaisha karibu saa 4, na ikiingia dakika za nyongeza na penalti ni saa 5. Msipange kurudi usiku uleule. Tafuteni pa kulala mapema, Chang'ombe, Keko au kwa ndugu.

Jingine la njiani: soma tiketi yako ujue geti lako liko upande wa Barabara ya Mandela au upande wa Chang'ombe, penye chuo cha DUCE na Uwanja wa Uhuru. Kuzunguka kutoka upande mmoja kwenda mwingine wakati watu wamejaa kunaweza kukula dakika arobaini, na utakuwa unakwenda kinyume na watu wote.

Kabla hujatoka nyumbani

Karibu na mimi huwa kuna meza. Hadi jioni inakuwa imejaa vitu ambavyo wenyewe walivipenda: chupa za manukato, vioo vya mkononi, kufuli, mikasi midogo ya kucha, vijiko na uma, njiti za kiberiti, miavuli, chupa za maji za chuma. Siku moja niliishika hotpoti ya bibi mmoja, pilau lake bado la moto, harufu ya iliki inatoka hata kabla hajafungua, na ikabidi nimwambie kwamba haiingii. Alinitazama kwa huruma kuliko hasira. Akakaa pembeni na wajukuu zake, wakalila lote palepale kwenye ukingo wa barabara, halafu wakarudi kwenye mstari. Kwa hiyo nakuomba: kula nyumbani au kula nje ya vizuizi. Mihogo, mishkaki, chipsi, mahindi ya kuchoma, vyote vipo kwa mama na kaka zetu wa Temeke, na ni vitamu kuliko utakachokipata ndani.

Usibebe chupa ya aina yoyote, mafataki, fashifashi, leza, mwavuli, kisu, wala mfuko mkubwa. Beba pochi ndogo au usibebe kabisa. Pesa iwe ya noti ndogondogo, na simu ijae chaji. Bendera ichukue bila mti. Kama umejifunga mtandio kwa pini, tumia chache, kwa sababu nitaomba kuziona. Masika beba koti la mvua la nailoni, lile jepesi la kukunja. Miezi ya Juni hadi Agosti upepo wa kusi ukivuma usiku, mtoto atahitaji sweta, hata kama mchana ulikuwa wa jasho.

Mwenye kutumia dawa ya pumu au ya kisukari aje nayo, na anieleze mapema wakati wa ukaguzi. Hakuna mkaguzi mwenye akili atakayekunyang'anya dawa. Cheti au kasha lenye jina lako husaidia.

Getini

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo siku inapoharibika au kutengemaa.

Piga hesabu nami. Mtu aliyejiandaa, tiketi ipo wazi kwenye simu na mfukoni hana kitu, anatumia kama sekunde kumi kwenye mashine. Hiyo ni watu 6 kwa dakika, watu 360 kwa saa kwa mlango mmoja. Sasa chukua watu 20,000 wanaosema "tutafika saa moja kabla". Ili wote waingie kabla ya filimbi ingebidi kuwe na milango zaidi ya 55 inayofanya kazi bila kukwama hata mara moja, na kila mtu awe amejiandaa vilevile. Haiwezekani. Mmoja tu anayetafuta tiketi kwenye simu wakati mtandao umelemewa na watu anachukua dakika mbili, na nyuma yake watu 12 ambao wangekuwa wameshaingia wanaanza kusukuma.

Kwa mechi ya saa 2 usiku mimi nakushauri uwe kwenye mstari saa 10 jioni, uwe umekaa kabla ya saa 12 na nusu. Kwa mechi ya ufunguzi au ya mtoano ambayo Stars ipo, njoo mapema zaidi ya hapo. Najua watu wana kazi. Omba ruhusa, badilishana zamu, fanya unavyoweza. Anayefika saa 9 alasiri mimi humkagua huku tunacheka. Anayefika saa 1 na nusu usiku simuoni hata sura, naona mikono tu.

Ukikaribia geti, fungua tiketi ukiwa bado hatua ishirini nyuma. Ipige picha ya skrini tangu nyumbani ili usitegemee mtandao. Ongeza mwanga wa simu hadi mwisho, futa kioo kwa kanga au kwa shati. Kioo kilichopasuka mahali penye msimbo kitakusumbua, kwa hiyo mwenye simu ya hivyo aitume tiketi kwenye simu ya mwenzake wanayekwenda naye au aichapishe stationari. Kila mmoja apite peke yake. Wawili wakijibana kwenye mlango mmoja mashine inajifunga, na itabidi tuite fundi.

Wanawake wana mstari wao wa ukaguzi na hukaguliwa na wanawake. Ukiona mstari umechanganyika, uliza. Mara nyingi mstari wetu ni mfupi, ila akina dada wengi hawaujui, wanabanwa na wanaume kwa saa nzima bila sababu. Mjamzito, mwenye kichanga, mzee, mwenye fimbo au kiti cha magurudumu: usipange foleni kimya. Inua mkono, mwite mwenye reflekta aliye karibu, sema hali yako. Tunao utaratibu wa kuwatoa pembeni, lakini katikati ya watu elfu hatuwezi kukuona.

Ukishaingia umeingia. Ukitoka nje kufuata soda au rafiki, tiketi yako imekwisha kazi.

Watu wakianza kubana

Tarehe 28 Mei 2023 Yanga ilicheza na USM Alger hapa Kwa Mkapa, fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho. Katika msukumano wa nje shabiki mmoja alifariki na wengine 30 wakaumia. Miaka miwili kabla, tarehe 21 Machi 2021, watu 45 walipoteza maisha kwa msongamano pale jirani, Uwanja wa Uhuru, walipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Hakuna hata mmoja aliyetoka nyumbani akijua. Nawaombea, na kwa ajili yao sitaandika sehemu hii kwa ufupi.

Watu wengi wanadhani mtu hufa kwenye msongamano kwa kukanyagwa. Wengi hufa wakiwa wamesimama. Kifua kinabanwa mbele na nyuma hadi mapafu hayawezi kupanuka, pumzi inakosa pa kuingia. Ndiyo maana dalili ya hatari unaipima kwa mwili wako: jaribu kuinua mkono ujiguse uso. Ukiweza bila shida, bado uko salama. Ukishindwa, au ukihisi umati unakubeba mbele bila wewe kupiga hatua, ondoka, hata kama geti liko mita kumi tu na tiketi yako ni ya VIP.

Namna ya kuondoka ni hii. Kunja mikono mbele ya kifua, viwiko nje kidogo, ujipatie nafasi ya kupumua. Usisukume kurudi nyuma, maana utapoteza nguvu na nyuma hawakuoni. Umati husukuma, hutulia, husukuma tena. Umati ukitulia, sogea mshazari kuelekea pembeni, hatua mbili tatu, subiri, sogea tena. Kaa mbali na ukuta, nguzo na uzio wa chuma, kwa sababu huko ndiko watu hukandamizwa. Kiatu kikichomoka mguuni, simu ikianguka, viache. Ukiinama huenda usiinuke. Mwenzako akianguka, piga kelele, wawili watatu mshikeni kwapani mumwinue hapohapo. Mtoto apandishwe begani.

Na ukiwa nyuma, mbali na geti, husikii wala huoni kinachotokea mbele. Huko nyuma ndiko msukumo unakoanzia. Ukiona mstari umesimama dakika kumi, usijaze nafasi kwa kifua chako. Waambie walio nyuma yako wasimame. Kelele za watu wazima watano wenye busara zinatosha kutuliza upande mzima, nimeshuhudia.

Kuhusu wasio na tiketi: msije. Kwenye CHAN hiyohiyo, pale Kasarani, Nairobi, watu wasio na tiketi walivamia mageti siku ya Kenya na Morocco, na CAF ikapunguza watazamaji hadi 27,000 kwa mechi ya Kenya na Zambia. Maelfu ya Wakenya waliokuwa tayari kulipa wakakosa kuiona timu yao. Temeke kuna vibanda umiza na baa zenye skrini kila mtaa, na shangwe za uwanjani mtazisikia mkiwa hukohuko.

Ukiwa na mtoto

Mlete. Mtoto aliyemwona kwa macho yake mshambuliaji Mzize akifunga hasahau. Ila mwandike namba yako ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, juu ya kifundo, si kwenye karatasi mfukoni. Mpige picha asubuhi akiwa na nguo atakazovaa. Akipotea, wazazi kwa hofu husahau hata rangi ya jezi. Mwonyeshe reflekta, umwambie: ukinikosa, nenda kwa mtu mwenye nguo hii, usitoke nje ya geti. Watoto huelewa haraka. Mwaka 2019, fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 zilipofanyika hapa, viti vilijaa wanafunzi, na waliofundishwa hivyo walikuwa watulivu kuliko walimu wao.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu au minne, kwa maoni yangu, mechi ya usiku ya mtoano haimfai. Kelele ni kubwa, na kutoka ni usiku.

Ndani

Ukipata kiti, kabla ya kukaa, tazama mlango wa kutokea ulio karibu nawe na wa pili yake. Nenda msalani kabla ya mapumziko. Ukingoja mapumziko utakosa dakika kumi za kipindi cha pili, na bao la Tshabalala lilikuja kipindi cha pili. Anayeswali Magharibi, kama umeingia mapema, swali kwa zamu na wenzako mlindiane viti. Au swali misikiti ya Chang'ombe na Temeke, ila hapo ujue umekubali kuingia katikati ya umati.

Mtu akizirai karibu nawe, mpeni nafasi, mlegezeni nguo, inueni mikono mkiwaita wa huduma ya kwanza. Msimpe maji kabla hajaamka vizuri.

Mashabiki wa timu ngeni ni wageni wetu. Wachache huja na ngoma zao kutoka mbali, na wanaimba vizuri. Kuwazomea wachezaji wao ndiyo mpira. Kumrushia mtu chupa au kummulika kipa kwa leza ni jambo jingine: CAF inaitoza faini TFF, pesa ambayo ingenunulia vijana wetu mipira, na kwa makosa makubwa tunaweza kuchezea uwanja mtupu. Ukimwona jirani yako anatoa leza, mkataze wewe kabla sijafika.

Imbeni. Tarehe 19 Novemba 2024, Msuva alipoifunga Guinea na tukafuzu AFCON, hata mimi niliyekuwa nimegeukia jukwaa, kwa kuwa sisi huwa tunatazama watu na si mpira, nilijua ni bao jinsi zege lilivyotetemeka chini ya viatu vyangu.

Kutoka

Filimbi ya mwisho ikilia, kaa. Dakika ishirini tu. Wanaokimbilia ngazi dakika ya 85 wanakutana na wenzao wenye haraka hiyohiyo kwenye njia nyembamba, gizani. Ukikaa, unapata nafasi ya kuwahesabu watoto, kumpigia wa nyumbani, kumalizia maji uliyonunua. Kwenye ngazi shuka upande mmoja, shika chuma, usisimame kupiga picha katikati.

Panga na wenzako mahali pa kukutania ambapo si getini, kwa sababu kila mtu husema "tukutane getini". Chagua kitu kisichohama: kituo cha daladala cha Uhasibu, au Veterinari. Simu weka mfuko wa mbele, mkono juu yake; vibaka wanajua kwamba baada ya ushindi watu wanakumbatiana na wasiowajua.

Usichukue bodaboda ya kwanza inayokuita. Pale getini nauli huwa mara mbili tatu, na dereva naye yumo kwenye foleni ileile. Tembea na kundi hadi magari yanapoanza kusogea, ndipo utafute usafiri. Na ninyi akina dada mnaokwenda mbali, Mbagala Rangi Tatu, Chanika, Bunju: kubalianeni na dereva wa bajaji mnayemjua tangu mchana, nauli mmalize kuizungumza, namba yake muwe nayo watu wawili, na mwambieni asubiri Uhasibu au Veterinari. Akija hadi getini polisi watamwondoa, nanyi mtabaki mmesimama mnapiga simu isiyopatikana.